Kitanda cha Mgonjwa na Upepo wa Ziwa

Mwaka wa 2020, wakati wa korona, ukipita Manyatta, Nyalenda au Obunga mjini Kisumu, karibu kila mlango ulikuwa na ndoo yenye bomba, kipande cha sabuni juu ya kifuniko, na dirisha lililofungwa. Mikono ilikuwa safi. Viatu vilipuliziwa dawa, noti zikafutwa, sukuma wiki ikaoshwa mara mbili. Kisha mmoja wa nyumba akarudi na kikohozi, na kabla ya wiki kwisha wote sita walikuwa wanakohoa. Sabuni haikukosea kitu. Ilifunga mlango mmoja, korona ikapitia mwingine: hewa ya chumba ambamo watu wanakula, wanaongea na kulala pamoja usiku kucha.

Hata wakubwa walichelewa kulisema hili. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiwaambia watu kwamba ugonjwa huu hausambai kwa hewa, na mwaka 2021 likabadilisha maelezo hayo. Katikati hapo familia zilikuwa zimekwisha kumaliza pesa kwa dawa za kupulizia. Kwa hiyo sisi tunaoingia nyumba za watu kusaidia uuguzi, siku hizi tukifika mahali penye mgonjwa wa kifua, swali la kwanza ni kitanda chake kiko wapi na upepo unatoka upande gani.

Fikiria moshi wa sigara. Anayevuta akiwa chini ya mwembe, aliye hatua tatu kutoka kwake anausikia kidogo tu. Akivutia ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi chenye mlango uliofungwa, kila mtu ananuka moshi, hata aliye pembeni kabisa. Pumzi ya mgonjwa huenda vivyo hivyo. Matone makubwa ya kikohozi huanguka karibu, lakini yale madogo huelea na kujikusanya saa baada ya saa. Umbali wa mita moja ndani ya chumba kilichozibwa hausaidii sana baada ya saa tatu.

Njia ya kujua hewa inavyotembea nyumbani kwako haigharimu kitu. Washa koili ya mbu, iweke kwenye kigae karibu na mahali kichwa cha mgonjwa kitakapokuwa, fungua dirisha na mlango, kisha simama mlangoni utazame moshi kwa dakika tano. Moshi ukielekea dirishani na kutoka, kitanda kiko mahali pake. Moshi ukija kwako ulikosimama mlangoni, basi mgonjwa amewekwa upande wa juu wa upepo na nyumba nzima inapumua pumzi yake. Moshi ukizunguka tu bila kwenda popote, hakuna hewa inayopita na unahitaji tundu la pili. Zima koili ukimaliza, kwa maana mgonjwa wa kifua hahitaji moshi zaidi.

Kwa watu wa Kisumu kuna jambo ambalo wengi hawalipimi. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, hasa kuanzia adhuhuri. Usiku unageuka, unashuka kutoka upande wa milima ya Nandi kurudi ziwani. Dirisha lililokuwa likitoa hewa saa nane mchana linaweza kuwa ndilo linaloiingiza saa nane usiku. Kwa hiyo pima kwa koili mara mbili, mchana na usiku. Nyumba moja ikahitaji kusogeza tu mkeka wa watoto jioni, nyingine ikahitaji kuhamisha kitanda. Kama kuna feni, usiielekeze kwa mgonjwa ikapeleka pumzi yake kwa kila aliye nyuma yake. Iweke dirishani, uso wake ukitazama nje, ivute hewa ya chumba na kuitupa uani.

Sababu zinazofanya watu wafunge madirisha ni za kweli na hazifai kudharauliwa: mbu, wezi na baridi. Kwa mbu, pigilia wavu wa dirisha ndani ya fremu, na neti ya kitandani ibaki palepale, kwa kuwa ukanda huu wa ziwa malaria haipumziki hata korona ikiwepo. Kwa wezi, dirisha lenye vyuma linaweza kulala wazi. Lisilo na vyuma, fungua sehemu ya juu tu, au acha lile pengo kati ya ukuta na mabati ambalo mafundi hupenda kuliziba kwa magunia. Magunia hayo yatolewe. Nakuru shida ni baridi. Mji uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai pale Kaptembwa au Rhonda mtu anatamani kuziba kila ufa na kuingiza jiko la makaa ndani. Hapo kifo kinaweza kuja upesi kuliko cha korona: makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mgonjwa ambaye tayari oksijeni yake ni ndogo ndiye wa kwanza kuzimia. Jiko libaki nje. Ongeza blanketi, soksi na kofia, chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso, na uache dirisha wazi upana wa kiganja.

Wanaoishi chumba kimoja hutuambia hayo yote ni ya wenye nyumba kubwa. Si kweli kabisa. Mgonjwa alale kando ya dirisha linalotoa hewa, wengine walale upande wa mlango, miguu yao ikielekea kwake. Pazia likitundikwa, litundikwe sambamba na njia ya upepo, lisije likaikata. Tumeona shuka zito likining'inizwa katikati ya chumba kwa nia njema, likageuza upande wa mgonjwa kuwa chungu kilichofunikwa. Na mchana, kama anaweza kukaa, akae nje. Veranda na kivuli cha mti ni wodi bora kuliko chumba chochote cha kupanga.

Barakoa ni ya ndani zaidi kuliko ya barabarani. Watu waliivaa njiani kwa ajili ya askari, wakaivua walipofika kwa mgonjwa. Ya kitambaa iwe na tabaka tatu, ishonwe ikifika chini ya kidevu, na ikivaliwa hewa isipite pembeni ya pua. Weka mkono karibu na shavu utoe pumzi kwa nguvu. Ukihisi upepo kwenye vidole, inavuja. Fundi wa cherehani akitia waya mwembamba juu ya pua, tatizo linapungua sana. Ifuliwe kila siku kwa maji moto na sabuni, ikauke juani. Mtoto chini ya miaka mitano asivalishwe.

Sasa mlezi. Nyumba inayosema "tutamwangalia sote" huugua yote. Chagua mtu mmoja wa kuingia kwa mgonjwa, na mmoja wa akiba ambaye haingii mpaka wa kwanza ashindwe. Awe mwenye afya, asiwe na kisukari wala presha, asiwe mjamzito, na asiwe amefikisha miaka sitini. Kama amechanjwa au amewahi kuugua akapona, bora zaidi. Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu desturi inatupeleka kinyume: anayekimbilia kumuuguza mtu ni mama mzazi au nyanya, yaani yuleyule ambaye ugonjwa huu ulimuumiza kuliko wote. Kumzuia nyanya kumshika mjukuu kunahitaji heshima. Mpe kazi nyingine ya kweli. Akae uani aongee naye kupitia dirishani, awe ndiye anayeamua chakula cha siku, awe mwenye simu ya kupokea salamu za ndugu.

Chakula huwekwa juu ya kigoda mlangoni, mlezi anabisha, anarudi nyuma, mgonjwa anachukua. Kama hawezi kuamka, mlezi anaingia na barakoa, mgonjwa naye amevaa yake, dirisha wazi, na mambo yote yafanywe kwa safari moja: chakula, dawa, kipimo, ndoo ya haja. Dakika kumi na tano zinatosha. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni mlezi kuketi kitandani akapiga gumzo kwa saa nzima kwa huruma. Huruma hiyo ipitie kwenye simu. Vyombo vya mgonjwa vinaoshwa kwa maji moto na sabuni kama vingine, hakuna haja ya kuvitupa. Nguo zake zisikung'utwe. Ziloweshwe kwanza ndipo zifuliwe.

Mashambani kuna jengo ambalo wazee wetu walilitupatia bila kujua korona itakuja. Katika boma la Kijaluo kuna simba, nyumba ya kijana ambaye hajaoa, na huwa upande wa lango, mbali na nyumba ya mama. Kwa Waluhya wengi ipo pia. Shule zilipofungwa Machi 2020, watoto na vijana wengi walipandishwa magari kwenda kwa babu na nyanya, wakafikia moja kwa moja kwenye nyumba kubwa. Wangefikia simba. Anayetoka mjini wakati wa mlipuko alale huko siku kumi, apike au apelekewe chakula, asalimie wazee akiwa uani: "Nyanya, leo tunasalimiana kwa hapa, Jumamosi ijayo nitakaa kwako." Mila yenyewe inasaidia, kwani mzazi halali kwenye nyumba ya mwanawe, kwa hiyo hakuna mzee atakayehamishiwa humo. Ila simba nyingi zina dirisha dogo la kiganja kimoja. Lipanuliwe kabla ya mgeni kufika.

Homa ikianza, magharibi ya Kenya tuna mtego wetu wa pekee. Kila homa inaitwa malaria. Mtu anameza dawa za malaria siku tatu bila kupimwa, akiwa analala chumba kimoja na watoto, na siku ya nne anaanza kushindwa kupanda kilima. Wakati wa mlipuko, homa ipewe vyote viwili: kipimo cha malaria cha tone la damu, ambacho mhudumu wa afya ya jamii anaweza kukifanyia nyumbani, na wakati huohuo dirisha, barakoa na kitanda cha peke yake. Kipimo kikionyesha malaria, tibu malaria, lakini usiondoe tahadhari za kifua. Mtu anaweza kuwa na yote mawili. Na usingoje majibu ya korona ndipo umtenge, kwa sababu mgonjwa huambukiza kuanzia kama siku mbili kabla ya dalili.

Hesabu siku tangu dalili ya kwanza, uziandike. Tunapendekeza daftari la shule la kurasa 32, limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa kitanda pamoja na kalamu. Siku ya kwanza hadi ya tano wengi huwa na homa, kichwa na uchovu. Hatari hujificha kati ya siku ya saba na ya kumi. Hapo homa inaweza kuwa imeshuka, familia inashukuru Mungu, walezi wanalegea, kumbe mapafu ndiyo yanaanza kuziba. Andika asubuhi, mchana na usiku: joto, idadi ya pumzi kwa dakika, oksijeni, na amekunywa maji vikombe vingapi.

Kipimo cha oksijeni cha kidole ni kifaa ambacho tungependa kila chama cha akina mama wakinunue kimoja kwa nyumba kumi. Hakina ugumu, lakini kinadanganya kikitumiwa vibaya. Futa rangi ya kucha na hina. Mgonjwa akae dakika tano ametulia, asugue mikono ipate joto, kidole cha kati kiingie mpaka mwisho, kisha usisome namba ya kwanza. Subiri mpaka itulie, kama dakika moja. Asilimia 94 kwenda juu, endelea kumwangalia. Kati ya 90 na 93, piga simu kituo cha afya siku hiyohiyo. Chini ya 90, safari ianze. Nyanda za juu kama Nakuru mtu mzima mwenye afya anaweza kusoma chini kidogo kuliko wa Kisumu, kwa hiyo ni vizuri kila mtu wa nyumba apimwe akiwa mzima na namba yake iandikwe jalada la daftari. Na kwa ngozi nyeusi kama yetu kifaa hiki wakati mwingine husoma juu ya ukweli. Namba inayoshuka kutoka 97 hadi 93 kwa siku mbili isikufariji kwa kuwa bado si 90. Mpe pia jaribio la kuinuka: ainuke na kuketi kitini kwa dakika moja, au atembee chumbani. Ikishuka kwa pointi tatu au zaidi, mapafu yana shida hata kama anasema yuko sawa.

Bila kifaa, hesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama tumbo, bila kumwambia unahesabu, maana akijua atabadilisha. Mtu mzima akizidi 30 ni hatari. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 kwenda juu ni nyingi. Wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50. Aliye chini ya miezi miwili, 60. Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, anayechanganyikiwa, ambaye ulimi au ndani ya mdomo umekuwa wa kijivu au bluu, hasubiri asubuhi.

Wakati mkisubiri usafiri, alale kifudifudi, mto chini ya kifua na mwingine chini ya nyonga, kichwa kimegeuzwa. Mapafu ya mgongoni hufunguka na wengi hupata nafuu. Asiweze, alale ubavu. Mjamzito na aliyekula sasa hivi wasilazwe kwa tumbo.

Usafiri wenyewe upangwe kabla. Namba mbili za tuktuk, namba ya gari la wagonjwa la kaunti, na nauli ambayo iko M-Pesa kwa jina la mtu anayekaa nyumbani, isiwe kwa simu ya mgonjwa ambayo neno lake la siri halijulikani. Tuktuk iliyo wazi pembeni ni salama kuliko teksi iliyofungwa vioo. Juni 2021, kaunti kumi na tatu za Nyanza, Magharibi na sehemu za Bonde la Ufa zilipowekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, baada ya aina ya korona iitwayo Delta kuonekana Kisumu mwezi Mei, familia zilizokuwa zimezungumza na mwenye gari mchana hazikuhangaika usiku kama zile zilizoanza kutafuta gari saa nne.

Kuhusu dawa tutasema machache, kwa uchungu. Antibayotiki hazitibu kirusi, na zile zilizouzwa kwenye kemisti kwa dozi nusunusu zilimaliza pesa za nauli. Deksamethasoni ni dawa nzuri kwa mgonjwa anayehitaji oksijeni, akipewa na daktari. Ukimpa mwenye homa ya siku mbili nyumbani, unamdhoofishia kinga wakati anapoihitaji, na mwenye kisukari sukari yake inapaa. Parasetamoli inatosha kwa homa: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Soma paketi za dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani, na watu hujikuta wamekunywa mara mbili. Maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Tangawizi, limau na asali vinatuliza koo, na anayevipenda apewe, isipokuwa asali kwa mtoto chini ya mwaka mmoja. Kujifukiza ndiko tunakoomba kuachwe. Sufuria la maji yanayochemka yenye mwarobaini na mkaratusi chini ya blanketi limeunguza watoto. Lakini kuna ubaya mwingine wa kimyakimya: familia hujifunika blanketi moja kwa zamu au wawili wawili, wakipumuliana usoni ndani ya hewa iliyofungwa. Ukitafuta njia ya haraka ya kuambukizana, ni hiyo.

Sabuni basi ina kazi yake, hasa mahali pamoja: beseni la kunawa kabla ya ugali. Beseni moja linazungushwa mezani, maji yaleyale, mgeni anaanza, mtoto anamalizia. Wa mwisho ananawa uchafu wa wote. Badilisha kwa birika na mtu wa kumimina, maji yakianguka kwenye beseni bila mkono kuingia, sabuni ipite kwanza. Ugali ukatwe vipande, kila mmoja na sahani yake na mboga yake. Wazee wengine huona hili kama kuvunja udugu, na inafaa mwenye nyumba mwenyewe awe wa kwanza kulifanya mbele yao.

Nje, kibuyu chirizi, yaani jerikeni la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, hutumia maji kidogo kuliko ndoo yenye bomba, na mkono haugusi kitu. Jerikeni la lita tano, tundu moja la msumari wa inchi mbili uliopashwa moto, upande ulio mkabala na mpini, sentimita kumi hivi chini ya mdomo. Fito mbili zenye panda zichimbiwe nusu mita chini, ufito mmoja upite mpinini, kamba kutoka shingo ya jerikeni hadi kijiti cha kukanyaga. Likijazwa mpaka juu ya tundu litavuja muda wote, kwa hiyo maji yaishie chini ya tundu. Kibuyu hiki hufa kwa sababu tatu: tundu kubwa mno, kamba ya katani inayooza mvua za Aprili, na sabuni kuibwa. Kamba tumia ya nailoni. Sabuni weka ya maji: vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya unga ndani ya chupa ya lita moja na nusu, kifuniko kimetobolewa. Haina thamani ya kuibwa wala haiyeyuki kwa mvua.

Jik ya madukani huwa na klorini ya asilimia 3.5 hivi, soma lebo. Kwa vitasa, meza na choo, vijiko viwili vikubwa kwa lita moja ya maji. Penye matapishi au damu, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Dawa hii itengenezwe kila asubuhi kwa kuwa jua linaidhoofisha, na isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, mvuke wake unachoma mapafu. Isipuliziwe mtu.

Kwenye ploti zenye choo kimoja na bomba moja kwa vyumba vinane, ulinzi wa familia moja unaishia mlangoni. Hapo ni kukubaliana: mgonjwa awe na ndoo yake ya haja, ikimwagwa na mlezi wakati hakuna foleni, akilazimika kwenda chooni, avae barakoa, na mlango uachwe wazi nusu saa. Haya hayawezekani kwa siri. Tunajua kwa nini watu walificha, kwani wapo walioambiwa na mwenye nyumba wahame, na mama mboga waliokosa wateja mwezi mzima. Hata hivyo, mwambie angalau jirani wa ukuta mmoja na mhudumu wa afya. Jirani anayejua ndiye anayekuchotea maji.

Matanga yanahitaji ujasiri zaidi ya yote. Serikali iliweka kikomo cha watu 15 mazishini mwaka 2020, na vijijini kikomo hicho hakikuheshimika sana. Lakini wengi walihofia kaburini, ambako watu wako nje upepo ukivuma, na kusahau mahali penye hatari hasa: ndani ya nyumba ya mjane, ambako shangazi, wakwe na binamu hulala chini pamoja usiku tatu nne, mlango umefungwa, wakilia na kuimba. Mjane alale na watu wawili walewale mpaka mwisho, dirisha wazi. Wengine wakae motoni uani, kisha warudi makwao. Hema lisiwe na kuta. Mwili ukitazamwa, uwe nje. Chakula kigawiwe na mtu mmoja mwenye mwiko, watu wasijipakulie. Rambirambi zitumwe kwa simu. Hilo watu walilizoea tangu Machi 2020, ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 ilipoondolewa mpaka mwisho wa mwaka ule.

Akiba ya siku kumi na nne inatisha kuitaja kwa mtu wa kibarua, basi ijengwe kidogokidogo wakati hakuna mlipuko. Familia ya watano ikila ugali mara moja kwa siku humaliza gorogoro moja la unga, lile kopo la kupimia la kama kilo mbili, kwa siku mbili hivi. Magorogoro saba ni wiki mbili, na moja la ziada kila wiki linafika. Omena kavu, maharagwe, chumvi, sukari, mafuta, sabuni, makaa. Kabla ya hayo yote, dawa za kila siku: za presha, kisukari, kifafa na za virusi vya Ukimwi. Omba kliniki ikupe za miezi mitatu hali yako ikiwa imetulia. Aliyekosa dawa zake mwezi mmoja huingia kwenye mlipuko akiwa amekwisha kudhoofika.

Haya tumeyasema kwa ugonjwa wa kifua. Kipindupindu kikija, mambo ni maji na choo. Mpox, ugonjwa wa virusi unaotoa vipele, iliyothibitishwa Kenya Julai 2024, inataka kuepuka kugusana ngozi na kutumia shuka moja. Ebola ikitangazwa ng'ambo ya Busia au Malaba, hakuna kuuguza nyumbani wala kuosha maiti. Unapiga simu na kukaa mbali.

Mgonjwa wa korona akifikisha siku kumi tangu dalili ya kwanza, na siku tatu za mwisho hana homa wala kukosa pumzi, anaweza kutoka. Godoro litolewe juani siku nzima, shuka na neti zifuliwe, chumba kipigwe deki na dirisha libaki wazi. Kisha geuza ukurasa wa daftari na uandike jina la mlezi juu. Yeye sasa anahesabu siku kumi zake tangu alipoingia mara ya mwisho, analala peke yake, anapimwa asubuhi na jioni, na kile kitanda cha dirishani ni chake.